Ndoo

"Ndoo," aliita shangazi kutoka chini,
nami sikujua kama ananiita nije
au anataka ndoo.
Kwa Kiamu cha nyumbani neno ni lile lile.

Nilikuja kikazi. Hilo hakulisikia.
Nilikuwa na kitambulisho shingoni, kisanduku cha barafu,
chupa sita zilizopikwa kwa mvuke
na fomu yenye nafasi ya jina la kisima,
kana kwamba visima vya Mkomani hupewa majina.
Niliandika: Kwa Bi Zena Shekuwe.

Nikaifunga chupa uzi na kijiwe,
nikaishusha polepole isikwaruze ukuta,
maana ukuta una mambo yake
na mimi nilitaka ya maji peke yake.
Nikaisikia imegonga, imekunywa, imetulia.

"Mai haya ndiyo alotawadhia babuyo,
ndiyo yalomuosha alipokufa.
Yeo yana nini?"
Akanivuta mkono hadi kwenye birika,
akanionyesha samaki wake mnono
amejilaza ndani ya bakuli la kaure lililojengewa sakafuni.
"Yu hai. Andika hilo."

Sikuandika.
Samaki hula viluwiluwi;
ushahidi wake ni wa mbu tu.

Maabara yetu ni chumba kimoja na feni isiyozunguka.
Niliyachuja maji kwa utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nikaulaza kwenye kisahani,
nikakifungia katika nyuzi arobaini na nne,
joto ambalo vijidudu vya tumboni mwetu hulivumilia
na vingine vingi hulikimbia.
Kisha nikaomba stima zisikatike.

Asubuhi, kisima cha msikitini,
kile chenye chumvi hata watoto hukitemea:
kisahani kitupu, cheupe.
Cha shangazi, kitamu,
kinachoombwa na mtaa mzima kwa chai ya harusi:
madoa ya manjano, kama bizari iliyomwagika.
Nilihesabu mara mbili, nikitamani kukosea.
Sitini na tatu.
Panapotakiwa sifuri.

Kitabu kinataka mita thelathini kati ya choo na kisima.
Mkomani ukipima mita thelathini
umeshapita nyumba nne, punda wawili
na ugomvi mmoja wa urithi.
Basi nilitumia rangi,
ile ya kijani inayong'aa,
kila wiki shimo moja.

Wiki ya kwanza nyumba ya wageni,
ambayo kila mtu alikwisha kuihukumu.
Hakuna kitu. Mwenyewe, Shebwana, alinipa soda
na hakunisamehe.
Wiki ya pili madrasa. Hakuna kitu.
Ya tatu, ili orodha ikamilike tu,
nilimimina katika choo changu mwenyewe,
kipya, chenye vigae vya buluu,
nilichokijenga kwa mkopo wa mshahara
ili shangazi anapokuja kwangu asione aibu.

Nyumba zetu zinatazamana.
Juu zimeshikana kwa wikio,
hapo tulipopitishia sahani za mkate wa mofa tangu utotoni,
nasi tukadhani ndiyo njia ya pekee.
Chini, gizani, mchanga na matumbawe
vilikuwa vimefungua nyingine
bila kumwomba mtu ruhusa.

Siku ya nne alfajiri nilikuwa naswali.
Nikasikia kapi likilia, kamba ikipanda,
maji yakimiminwa birikani, kisha kimya
kirefu kuliko ndoo moja.

Nilichungulia dirishani mwa wikio.
Shangazi amesimama, kanga imelowa magotini.
Birika lote limekuwa kijani, kijani cha ajabu,
na samaki anazunguka humo, mzima,
kama hakuna lililotokea.

Hakuuliza ni rangi gani.
Aliinua uso akanitazama,
akasema kwa sauti ya chini,
"Ndoo."

Nikashuka ngazi na fomu mkononi.
Mstari mmoja ulikuwa bado mtupu:
Chanzo.